Re: Tarehe ya msikiti wa Kizimkazi, niandike ipi?

Salaam ndugu, nimekuelewa, maandishi ya mihrabu ya huo msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yanakupa mwaka 1107 halafu mtembeza wageni kakwambia karne ya 18. Aisee zote mbili ziko sawa. Anza na ukuta wa kibla, ule wenye mihrabu, yale maandishi ya Kikufi (mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu) yana mwaka 500 Hijria ndo hiyo 1107, ila sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Mimi niliomba ruhusa kwanza maana watu bado wanaswali humo, nikamulika tochi kwa ubavu sio usoni, hapo ndo herufi zikajitokeza, zimechongwa kwenye jiwe la matumbawe, ncha zake zinachanua kama majani, nzuri mno. Andika tarehe mbili, ya maandishi peke yake na ya jengo peke yake.