Una presha ya mapafu? Tembea, ila tafuta tambarare kwanza

Ukishaambiwa una presha ya mapafu, watu wa nyumbani wanaanza kukukalisha. "Usiinuke, dada, nitakuletea." Siwalaumu, maana hata madaktari zamani walikuwa wakitushauri tupumzike tu. Upepo ulianza kugeuka mwaka 2006, wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, walipochapisha utafiti wa wagonjwa 30. Waliofanya mazoezi chini ya uangalizi kwa wiki 15 waliweza kutembea mbali zaidi ndani ya dakika sita kuliko wenzao ambao hawakuyafanya. Siku hizi miongozo ya Ulaya inayapendekeza, mradi mgonjwa yuko kwenye dawa na hali yake imetulia. Kwa hiyo usianze kabla daktari wako wa moyo hajakubali.

Hii si ile presha ya kufungwa kitambaa mkononi. Yangu ya mkononi huwa sawa kabisa. Huku kwingine mishipa inayopeleka damu mapafuni imebana, na upande wa kulia wa moyo unasukuma mpaka unachoka. Mazoezi hayaizibui mishipa hiyo. Yanaipa nguvu misuli ya miguu na ya kupumulia, ndipo moyo unadaiwa kidogo kwa kazi ileile.

Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, alianza kwa kunipima kwenye korido ya hospitali: viti viwili, kimoja kila mwisho, kifaa cha oksijeni kidoleni, nami naenda na kurudi kwa dakika sita. Alikuwa ananisemesha makusudi. Nilipoanza kukata maneno katikati, akaniambia huo ndio mpaka wangu, nisiuvuke hata nyumbani. Mpaka leo natembea nikizungumza, na majirani wamezoea.

Shida yetu wa Nakuru ni mji wenyewe. Tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na barabara za Milimani zinapanda kuelekea Menengai. Kushuka upande wa ziwani ndiko kunakohadaa zaidi: unajiona shujaa, kumbe kurudi ni mlima mtupu. Ukishuka, weka nauli mfukoni. Mimi nachagua kipande tambarare karibu na geti, nakwenda na kurudi, dakika chache kwa wakati mmoja, napumzika, naendelea. Ndugu zetu wa Kisumu wako chini zaidi, kama mita 1,130, lakini jua la kule si la mchezo. Watoke asubuhi mapema.

Kazi za nyumbani pia ni mazoezi, ila si zote. Kufagia polepole, sawa. Kuanika nguo kwenye kamba ya juu kunachosha kuliko unavyodhani, kwa sababu mikono iko juu ya kichwa; anika ukiwa umekaa, kwenye kamba ya chini. Mtungi wa lita 20 mwachie mwingine, maana ukiunyanyua unabana pumzi, na kubana pumzi ndiko hasa tunakokatazwa. Hata chooni usijikamue.

Ukiandikiwa sildenafil, dawa ileile inayojulikana kama Viagra, mhudumu wa duka la dawa anaweza kutabasamu. Mwambie ni ya mapafu, umeze kama ulivyoelekezwa, na usiichanganye na dawa za naitreti za maumivu ya kifua.

Kizunguzungu, kifua kuuma au macho kuingia giza: keti hapohapo, hata kama ni ukingoni mwa barabara, na umpigie daktari siku hiyohiyo. Ukizirai, upelekwe hospitali moja kwa moja. Miguu ikivimba au uzito ukipanda ghafla, acha kutembea kwanza mpaka uonwe.