Kikomo cha mishahara hakipangi bei ya nafasi
Ndugu yangu, umeuliza kama kikomo cha mishahara katika NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani (ile ya mpira wa yai), ndicho kinachoamua malipo ya kila nafasi. Sivyo. Kikomo hicho, kilichoanza mwaka 1994 na kufikia dola milioni 255.4 kwa kila timu mwaka 2024, huweka mpaka wa jumla ya mishahara ya timu tu. Ndani yake timu hugawa ipendavyo, ndiyo maana kotabeki, ambaye karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwake, huchukua fungu nono, ilhali mkimbiaji, anayebeba mpira na ambaye mwili wake huchakaa mapema, huambulia kidogo. Hata sisi mashabiki wa timu ya soka ya Bandari hapa Mombasa humsifu mshambuliaji tukamsahau kipa, jambo ninaloliona dhuluma. Kanuni mojawapo inayogusa nafasi waziwazi ni ile inayoiruhusu timu kumzuia asihame mchezaji aliyemaliza mkataba, kwani mshahara wake wa mwaka huo hukokotolewa kutokana na mishahara mikubwa ya wenzake wa nafasi hiyo.