Ngozi inachoma chini ya mfuko

SWALI: Dada muuguzi, salamu. Nauza omena Kibuye, Kisumu. Miezi mitatu iliyopita nilipasuliwa utumbo mwembamba, sasa navaa mfuko tumboni. Ngozi kuzunguka stoma (ule mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo) imekuwa nyekundu, inachoma, na mfuko unavuja kila siku. Napaka Vaseline lakini wapi! Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, mama. Vaseline iache leo hii. Gundi haishiki penye mafuta. Uchafu wa utumbo mwembamba una vimeng'enya vya kusaga chakula, navyo huila ngozi vikiigusa.

Bado unakata tundu la bamba, ile sehemu ya mfuko inayogandishwa kwenye ngozi, kwa kipimo cha wodini? Stoma hunywea wiki 6 hadi 8 za kwanza, kwa hiyo huenda tundu lako limebaki kubwa. Pima upya, uache nafasi ya milimita 2 tu kuzunguka stoma. Ukibandua bamba, ligeuze ulitazame mgongoni: penye alama ya uchafu ndipo panapovuja. Mimi huanzia hapo kwa kila mgonjwa.

Osha kwa maji ya vuguvugu matupu, kausha kwa kubonyeza, usisugue. Penye majimaji nyunyiza poda ya stoma kidogo, upanguse inayozidi. Bandika, kisha lalisha kiganja juu dakika moja, joto liishikishe gundi. Mwaga mfuko ukifika theluthi, hata kama wateja wamepanga foleni.

Ukiona vipele vinavyowasha au vidonda, nenda kliniki. Stoma ikigeuka nyeusi, nenda hospitali saa hiyohiyo.