Usizidishe kabla hujajua maji yanakwenda wapi

Wengi mnaoanza kazi ya jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, mnakuja na hesabu moja kichwani: kila kilomita ukishuka ardhini, joto linapanda kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Zidisha nyuzi 30 kwa uwezo wa mwamba kupitisha joto, tuseme wati 2.5 kwa mita kwa kila nyuzi, unapata mtiririko wa joto wa miliwati 75 kwa mita ya mraba. Kwenye bara lililotulia hesabu hiyo haina ubaya. Kwenye bonde la ufa lenye volkano itakudanganya mchana kweupe.

Sababu ni maji. Ganda la dunia likivutwa huku na huku huwa jembamba, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hujipenyeza juu, na miamba hupasuka. Mvua inayonyesha kwenye kingo za bonde huzama kupitia nyufa hizo, hupata moto, kisha hupanda. Kwa hiyo kisima cha mita 300 kinachoonyesha ongezeko la nyuzi 200 kwa kilomita hakikupi ruhusa ya kutangaza nyuzi 600 kwenye kilomita ya tatu. Mara nyingi grafu ya joto kwa kina hupanda kwa kasi kwenye tabaka la juu lisilopitisha maji, halafu ikifika kwenye hifadhi yenyewe, yaani mwamba wenye nyufa uliobeba maji moto, inakaa karibu palepale kwa mamia ya mita. Hapo maji yanazunguka na kuchanganya joto.

Kisima cha baridi nacho kisikukatishe tamaa haraka. Huenda kimechimbwa pale maji yanaposhukia. Vivyo hivyo, kwenye matuta ya katikati ya bahari, yaani safu za milima zilizo sakafuni mwa bahari, watafiti walikuwa wakipima joto dogo kuliko nadharia ilivyodai. Lililopungua lilikuwa linachukuliwa na maji, na mwaka 1977 nyambizi Alvin ilishuka kwenye ufa wa Galápagos ikakuta chemchemi za maji moto sakafuni.

Hata wazoefu hushtukizwa. Kule Krafla, Iceland, mwaka 2009, kisima cha utafiti kilichokusudiwa kupita kilomita 4 kiligonga magma kwenye kilomita 2.1 hivi.

Ukipewa vipimo vya joto, uliza kwanza kisima kimepumzika muda gani. Tope linalozungushwa kisimani wakati wa kuchimba hupoza mwamba, na kipimo cha siku za mwanzo ni cha tope zaidi kuliko cha ardhi. Dai vipimo vya kurudiarudia. Kisha chora mstari wa kuchemka, yaani joto ambalo maji huchemkia kwa kila kina, juu ya grafu hiyohiyo: mita 1,000 chini ya usawa wa maji, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 300 hivi. Vipimo vikifuata mstari huo, tarajia maji na mvuke pamoja.

Baada ya hapo nenda kwenye trei za vipande vya mwamba vilivyotolewa kisimani, na kwa maoni yangu hapa ndipo wageni wanapopita mbio mno. Osha vipande, viweke chini ya lenzi, tafuta fuwele ndogo za kijani chenye umanjano. Hiyo ni epidoti, aina ya madini, na kwa kawaida hujitokeza joto likivuka nyuzi 240 hivi. Ukiiona mahali ambapo kipimajoto, kisima kikiwa kimeshapumzika, kinasoma 150, usilaumu kifaa. Madini huweka kumbukumbu ya joto lililowahi kuwapo. Mwamba huo umepoa, na kazi yako sasa ni kutafuta ufa unaoleta maji baridi, au kujua kama moto wenyewe umehamia upande mwingine.