Majibu kwa Wasomaji: Kozi za Haraka za Sayansi na Njia ya Kuingia Fani za Afya

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka Mwanza, Sengerema na Musoma, na zote zinauliza kuhusu kozi fupi za sayansi zinazotangazwa kwa watu wanaotaka kuingia katika masomo ya afya ya ngazi ya juu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa mwenye barua yuko karibu kutoa fedha.

Swali la kwanza

Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Kirumba, na ninafanya kazi ya udhibiti wa ubora siku sita kwa wiki katika kiwanda cha minofu ya sangara. Kidato cha sita nilisoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), na mwaka 2015 nilihitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi. Baba yangu alipopatwa na kiharusi, nilikaa naye miezi mingi katika mazoezi ya viungo, nikatamani kazi ile. Nimetazama shahada ya udaktari wa fiziotherapia inayotolewa Marekani, nikaona kwamba ninadaiwa masomo matano ya sharti, yaani yanayotakiwa kabla ya kudahiliwa: anatomia na fiziolojia ya binadamu sehemu ya kwanza na ya pili, fizikia sehemu mbili, na saikolojia. Wakala mmoja hapa mjini ananihakikishia kwamba yote yanamalizika mtandaoni kwa wiki 16 huku nikiendelea na kazi. Je, ni kweli? Na kemia niliyoisoma mwaka wa kwanza wa chuo bado inakubalika?

*Binti wa Mzee, Kirumba*

Jibu

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo wakala wako aliyoikwepa. Vyuo vya Marekani hupima kozi kwa krediti, na kwa utaratibu uliomo hata katika kanuni za serikali yao, krediti moja ni saa moja ya kipindi na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa wiki zipatazo 15. Kwa hiyo krediti moja ni kazi ya saa 45 hivi. Anatomia na fiziolojia kwa kawaida huwa na krediti 4 kwa kila sehemu, fizikia yenye maabara vivyo hivyo, na saikolojia krediti 3. Jumla ya deni lako ni krediti 19, yaani saa 855. Kozi ya haraka haipunguzi hata saa moja kati ya hizo. Huzibana tu, kiasi kwamba kozi ya krediti 4, ambayo katika muhula wa kawaida hudai saa 12 kwa wiki, ikibanwa katika wiki 8 hudai saa 22 na nusu. Ukitaka kuyamaliza masomo yote matano kwa wiki 16, utahitaji zaidi ya saa 53 za masomo kila wiki, na hizo ni mbali na saa za kiwandani.

Sasa pima saa ulizonazo kweli. Ukitoka kazini, ukapata saa 3 kila usiku kwa siku sita, na Jumapili ukatenga saa 8, utakuwa na saa 26 kwa wiki, tena iwapo hakuna msiba, mgonjwa wala mgeni. Saa hizo zinatosha kozi moja ya haraka kwa wakati mmoja, na hazitoshi mbili. Ningekuwa wewe, ningeanza na anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza peke yake kwa wiki 8, kisha sehemu ya pili kwa wiki 8 nyingine; baada ya hapo ningechukua fizikia ya kwanza pamoja na saikolojia kwa mwendo wa kawaida wa wiki 15, ambapo zote mbili zinadai saa 21 kwa wiki, na mwisho fizikia ya pili peke yake kwa wiki 15. Hizo ni wiki 46, na ukiweka mapumziko kati ya mihula ni mwaka mmoja na zaidi kidogo.

Utaniuliza kwa nini fizikia isiende kwa haraka. Ni kwa sababu ulisoma CBG, na fizikia uliiacha kidato cha nne. Nilifundisha kemia sekondari kwa miaka mingi, nikawaona wanafunzi wengi wenye akili timamu wakikwama katika nguvu, mwendo na nyenzo, si kwa uzito wa dhana bali kwa sababu mkono wao ulikuwa umesahau kuchezea milinganyo. Mkono huo haurudi kwa wiki mbili. Fizikia hujengwa kwa maswali mengi yanayofanywa siku nyingi, na kosa la Jumatatu linahitaji kulala nalo ili Jumatano uone lilikotoka. Na katika fiziotherapia huwezi kuikwepa: mgonjwa anayejifunza kunyanyuka kitini ni somo zima la nyenzo na kitovu cha uzito.

Anatomia ina ugumu wa namna nyingine. Pale hakuna hesabu ya kukutisha, lakini kuna wingi: mifupa 206, misuli na mahali inapojishikiza, jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, na kila kimoja kina jina ambalo si la Kiswahili wala la Kiingereza cha mitaani. Mfumo uliotengewa wiki mbili katika muhula wa kawaida utapewa siku saba, na mtihani wake utafika kabla majina hayajatulia kichwani. Anayefaulu kozi hii ya mbio mara nyingi ni yule aliyeyasoma majina ya mifupa na misuli mwezi mmoja kabla darasa halijafunguliwa, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Kuhusu fiziolojia una akiba ambayo wengi hawana. Masomo yako ya samaki hayatahesabiwa kuwa anatomia ya binadamu, hata ungekuwa na alama A, lakini mtu anayeelewa kwa nini dagaa akitiwa chumvi hutoa maji, na kwa nini samaki wa maji baridi kama sangara hutoa mkojo mwingi uliozimuka, amekwisha kuvuka nusu ya somo la figo kabla hajafungua kitabu.

Kuhusu kemia yako ya zamani, jibu haliko kwangu wala kwa wakala, liko katika kila programu unayotaka kuiomba. Zipo zinazokataa somo la sharti lililopita miaka 5, zipo zinazoruhusu miaka 7 au 10, na zipo zisizoweka ukomo wowote. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, chagua programu tano au sita, soma orodha ya masharti ya kila moja, kisha uandike barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili yenye maswali manne: kama kemia ya muongo uliopita inakubalika, kama kozi ya wiki 8 inakubalika, kama maabara iliyofanyika mtandaoni au kwa vifaa vya kutumiwa nyumbani inakubalika, na alama ya chini wanayoipokea, ambayo mara nyingi ni C. Majibu hayo uyahifadhi. Swali la maabara ndilo linalowaumiza wengi, kwa kuwa zipo programu zinazodai maabara ya ana kwa ana, na mtu hugundua hivyo baada ya kozi kwisha na ada kwisha. Ukikuta kwamba programu zote unazozitaka ziko hivyo, mpango wa kusomea yote hapa Mwanza umekufa, na ni heri ukifa mapema.

Alama ya C itatimiza sharti, lakini haitakupa nafasi. Waombaji hushindanishwa, na wastani wa masomo ya sayansi huangaliwa peke yake. Ndiyo maana mwendo wa haraka usiokuwezesha kupata A au B ni hasara, hata kama umefaulu. Ujue pia kwamba tarehe ya kujiondoa kwenye kozi bila alama kuandikwa, na tarehe ya mwisho ya kurudishiwa ada, katika kozi ya wiki 8 hufika baada ya siku chache tu za mwanzo. Zitafute tarehe hizo siku ya kujisajili. Transkripti yako ya shahada, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako, nayo italazimika kufanyiwa tathmini, somo kwa somo, na taasisi inayotambuliwa kule, kwa sababu GPA yetu (wastani wa alama) ya hadi 5.0 haisomeki moja kwa moja katika mizani yao ya hadi 4.0. Chuo chako ndicho kinachotuma transkripti hiyo, hivyo anza kuiomba mapema. Anayejua mwendo wa ofisi za masjala zetu hahitaji maelezo zaidi.

Jambo dogo ambalo matangazo huwa hayalisemi ni saa. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza New York saa kumi na mbili jioni, kwako Kirumba kitakuwa saa nane za usiku wakati wao wako kwenye majira ya baridi, na saa saba za usiku wakiwa kwenye kiangazi. Tafuta kozi ambayo vipindi vyake vimerekodiwa. Mitihani lakini mara nyingi husimamiwa kwa kamera ya kompyuta, na umeme ukikatika katikati, msimamizi aliye ng'ambo hana njia ya kujua kwamba ni mtaa mzima uliokatikiwa. Betri inayoshika chaji na salio la intaneti la simu pembeni ni sehemu ya gharama zako.

Mwisho, wakala. Kozi za namna hii mtu hujisajili mwenyewe katika chuo chenye ithibati, na sioni kazi anayoifanya huyo inayostahili malipo. Aidha, hapa nyumbani shahada ya kwanza ya fiziotherapia hufundishwa, kwa mfano KCMC Moshi, na huingiwa kwa njia ya kawaida ya udahili wa vyuo vyetu. Sikuambii uache ndoto ya mbali, ila gharama za njia zote mbili ziandike kwenye karatasi moja kabla ya kuamua.

Swali la pili

Mheshimiwa Mshauri, mimi ni muuguzi mwenye stashahada, Sengerema. Nimeona matangazo ya kozi za haraka za kemia ogania na baiolojia zinazosemekana kuwafungulia watu mlango wa udaktari. Nikizimaliza, chuo kikuu cha afya pale Bugando kitanipokea kusomea udaktari wa binadamu?

*Muuguzi, Sengerema*

Jibu

Hapana, ndugu yangu. Kozi hizo zimetengenezwa kwa mfumo wa Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Aliyehitimu uchumi au historia akabadili nia hurudi kuziba pengo la sayansi ndipo aombe. Kwetu Tanzania udaktari wa binadamu ni shahada ya kwanza yenyewe, miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Mlango wake ni ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wa kidato cha sita, au stashahada inayotajwa katika mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu huutoa kila mwaka. Krediti za mtandaoni kutoka ng'ambo hazina mahali pa kukaa katika mwongozo huo.

Ufungue mwongozo wa waombaji wenye stashahada, usome mstari wa shahada unayoitaka neno kwa neno. Kwa stashahada ya uuguzi, njia iliyonyooka ni shahada ya uuguzi. Kama moyo wako ni udaktari tu, unaweza kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hapo hakikisha kituo unachojisajili kina maabara inayofanya kazi, maana masomo yote matatu yana mtihani wa vitendo. Wapo wanaojiandaa kwa tuisheni ya miezi sita. Kwa mtu anayeingia zamu za usiku naona miezi hiyo ni michache mno.

Swali la tatu

Shikamoo Mshauri. Nina shahada ya baiolojia. Mjomba wangu anayeishi Minnesota anasema niombe viza ya matembezi, nifike kwake, nisome kemia na fizikia za haraka katika muhula wa kiangazi, kisha nirudi Musoma kuomba chuo. Naona itakuwa rahisi kuliko mtandaoni, na maabara nitaifanya ana kwa ana. Ushauri wako?

*Mpwa, Musoma*

Jibu

Marahaba. Mjomba wako anakutakia mema, lakini usimfuate katika hili. Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kusoma kozi inayotoa krediti, iwe ya wiki 15 au ya wiki 6, na akifanya hivyo amekiuka masharti ya viza. Chuo kinaweza kukusajili bila kukuuliza, nawe ukafaulu vizuri; lakini siku utakapoomba viza ya kusomea shahada yenyewe, transkripti utakayoiwasilisha kwa fahari ndiyo itakayoonyesha tarehe ulizosoma ukiwa mgeni. Viza ya mwanafunzi nayo inadai chuo kikutolee fomu I-20 inayothibitisha kwamba kimekupokea, usome kwa muda wote, na katika kila muhula isihesabiwe zaidi ya kozi moja ya mtandaoni.

Masharti ya viza hubadilika, tena wakati mwingine ghafla, kwa hiyo kabla hujalipa ada yoyote tazama taarifa za ubalozi wa Marekani Dar es Salaam uone kama viza ya masomo inatolewa kwa Watanzania kwa wakati huo na kwa masharti gani. Hili namwambia pia binti wa Kirumba, kwa sababu kozi zake tano atazisoma nyumbani kwake bila viza, lakini shahada yenyewe hataisomea Kirumba.