Re: Chama cha wanaume parokiani ni michango tu?

Ndugu, umeuliza kama sisi wanaume wa CMA, chama cha wanaume Wakatoliki, tuna lolote zaidi ya sala na michango, maana umehamia Nairobi juzi na hujui mtu. Michango ipo, sikudanganyi, na haiishi. Lakini sherehe ya msimamizi wetu Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi, njoo uone. Misa ikiisha, mbuzi yuko motoni nyuma ya ukumbi. Mzee mmoja wetu hakubali mtu mwingine ashike kisu. Anakata nyama juu ya ubao, chumvi pembeni, na kila anayepita anapewa kipande kabla ya kuulizwa jina. Mimi nilijuana na watu hapo, si mkutanoni.

Kwaresima huwa tunaenda Njia ya Msalaba kule Bustani ya Ufufuko, Karen. Mpira wa dekania, yaani kati ya parokia jirani, upo pia, ingawa magoti yetu yanalalamika hadi Jumatano.

Anzia jumuiya ndogo ndogo, kile kikundi cha waumini majirani, ya mtaani kwako. Mwenyekiti wake atakupeleka kwa wenzetu. Na ukifiwa, hao ndio watakaofika kwanza.