Mgeni wa Columbus, anza na mechi za Septemba

Ukihamia Columbus, Ohio, haitapita wiki mbili kabla mtu hajakuuliza kama unaishabikia Buckeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Ohio State. Usimjibu kwamba wewe ni mtu wa Arsenal. Wazungumzaji wa Kiswahili tupo wengi hapa: Wasomali waliokulia Kenya, Wakongo, sisi Wabongo wachache. Wengi wetu tunakaa miaka na miaka huku kila Jumamosi ya vuli tukilalamikia foleni tu. Ukiujua mchezo wao unapata cha kuongea kazini, unaalikwa nyama choma ya jirani, na mchezo wenyewe ni mtamu ukishakufungukia.

Ila kuna namna ya kuuingia. Chagua timu moja uifuate msimu mzima, kuanzia mechi nyepesi za mwisho wa Agosti na Septemba. Wageni wengi hualikwa kwanza kwenye mechi ya Michigan, mahasimu wakubwa wa Ohio State, mwisho wa Novemba, na hiyo ni sawa na kumpeleka mtu asiyejua ofsaidi kwenye Simba na Yanga. Tiketi ni ghali, kila mtu ana presha, na hakuna mwenye muda wa kukueleza chochote. Msimu wa 2024 timu ilianza kwa kuichapa Akron 52-6, wiki iliyofuata Western Michigan 56-0. Mechi za aina hiyo ndizo za kujifunzia. Bei inakuwa na huruma kidogo, na mzee wa kiti cha pembeni, kwa kuwa matokeo yameshajulikana, atakufundisha mpaka uchoke.

Wahi uwanjani. Ohio Stadium unachukua watu 102,780. Kwa Mkapa ni 60,000, na hawa wanaocheza ni wanafunzi! Bendi ya chuo inatembea mpaka miili ya wapigaji inaandika neno Ohio nyasini, kisha mpiga tuba mmoja anatoka kwa madaha kwenda kuwa nukta ya herufi i. Uwanja unalipuka kama vile limefungwa bao. Chukua koti la mvua maana miavuli hairuhusiwi, na ujue dakika 60 za mchezo zinakula zaidi ya saa tatu za maisha yako.

Sasa mchezo wenyewe. Mimi ulinifungukia nilipoacha kukimbizana na mpira kwa macho. Timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Kila nafasi wanaiita daun. Ikizipata hizo yadi inapewa nne nyingine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa hiyo kabla mpira haujachezwa jiulize mawili tu: hii ni daun ya ngapi, na zimebaki yadi ngapi? Daun ya tatu na yadi moja, watapenya katikati kwa mabavu. Daun ya tatu na yadi 11, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, hana ujanja, lazima arushe, na uwanja mzima unasimama kwa sababu kila mtu anajua hivyo. Mengine yatakuja yenyewe. Sheria za faulo hata Wamarekani hugombana juu yake, usizipotezee usingizi.

Nitakupa mfano ambao bado naurudia kwenye simu. Nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, 10 Januari 2025, Ohio State inaongoza 21-14 na Texas wamefika yadi moja kutoka mstari wa mwisho. Yadi moja, nafasi nne! Badala ya kusukuma katikati, kwenye daun ya pili wakaupeleka mpira pembeni, wakanaswa na kurudishwa nyuma yadi saba. Daun ya tatu, pasi haikufika. Daun ya nne, Jack Sawyer akamvamia kwotabeki Quinn Ewers, mpira ukamtoka, Sawyer akauokota na kukimbia nao yadi 83 hadi kufunga upande wa pili. Ikawa 28-14. Asiyehesabu daun aliona jitu likikimbia. Aliyehesabu alikuwa ameshasimama tangu zile yadi saba zilipopotea.

Jambo la pili la kuzoea ni hesabu ya msimu. Hakuna marudiano, hakuna mechi 38. Ni mechi 12 tu, halafu mtoano kwa waliochaguliwa, kwa hiyo kipigo kimoja kinauma wiki nzima. Msimu huo wa 2024 Oregon waliishinda Ohio State 32-31. Kisha wakaja Michigan, wakiwa wameshapoteza mechi tano, wakashinda 13-10 palepale Columbus, mara ya nne mfululizo kwa Ohio State kufungwa nao. Baada ya mechi wachezaji walipigana kwa sababu ya bendera ya Michigan katikati ya uwanja. Jumatatu yake kazini hapakuongeleka. Msimamizi wetu wa zamu, mtu mpole kabisa, alikuwa anataka kocha Ryan Day afukuzwe kabla ya chakula cha mchana.

Kilichowaokoa ni kalenda. Ndio mwaka mtoano ulipanuliwa kutoka timu nne hadi 12, na Ohio State ikaingia ikiwa ya nane. Ikaitoa Tennessee 42-17, ikalipa kisasi kwa Oregon 41-21, kisha hao Texas, na 20 Januari, kwenye fainali, ikaifunga Notre Dame 34-23 mjini Atlanta. Na ile hesabu yangu ikajitokeza tena: zikiwa zimebaki dakika chache, daun ya tatu na yadi 11, Will Howard akamrushia Jeremiah Smith, mtoto wa mwaka wa kwanza, pasi ya yadi 56.

Mambo madogo ya mwisho. Ombeni ruhusa ya Jumamosi mapema, ratiba hutoka muda mrefu kabla. Msilipie kila kifurushi cha televisheni, majirani wapo. Shabikia chuo, si mchezaji: Howard alitoka Kansas State, akacheza msimu mmoja, akaondoka. Na wiki ya Michigan usivae bluu.

Msimamizi wetu siku hizi anavaa kofia ya ubingwa hata ndani ya ghala. Ukimtajia ile Jumatatu, anakuuliza umefikia wapi na kazi.